Barabara nyeupe za Toscana: uzi wa kuendesha baiskeli kwenye vilima vya Siena

Mtu wa Vilima (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wengi mmekuwa mkiniuliza faragha kuhusu baiskeli huku Italia. Naomba nijibu hapa hadharani ili na wengine wafaidike. Leo mvua inanyesha na niko mapumziko, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Naishi Siena, mwaka wa sita huu. Nafanya kazi jikoni kwenye mgahawa, na Jumatatu ndiyo siku yangu. Ikifika, kama mbingu zinaruhusu, saa kumi na mbili asubuhi nimeshatoka. Baiskeli yangu si ya mashindano ya lami, na si ile ya milimani yenye shokapu mbele. Ni ya katikati: usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, tairi zina upana wa milimita 40 na meno madogo, breki ni za diski, gia za kupandia ni nyepesi. Wenyewe wanaiita gravel, mimi naiita baiskeli ya changarawe.

Sasa barabara zenyewe. Zinaitwa strade bianche, barabara nyeupe. Nyeupe kweli, maana kifusi chake ni mawe ya chokaa ya hapahapa yaliyosagwa, na kiangazi jua likiwaka unalazimika kukunja macho. Wahenga wao hawakuzipitisha bondeni, walizipitisha juu ya migongo ya vilima, ndiyo maana unaona mbali: mizabibu upande huu, mizeituni upande ule, ngano katikati, na mistari ya misaipresi inayokuonyesha mapema kabisa kilima unachokwenda kupanda. Hakuna tambarare. Unashuka dakika tatu, unapanda dakika kumi na tano, hivyo hivyo mpaka jioni.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mimi nimekulia Mbinga. Kwetu barabara ya vumbi ni deni ambalo halijalipwa. Kila uchaguzi mgombea anasimama juu ya gari na kuahidi lami. Nilipofika hapa nikakuta watu wenye pesa ya kuweka lami wakipigania isiwekwe. Sikuelewa, na mwanzoni niliudhika. Nilijiambia hawa hawajui gari kukwama matopeni na mgonjwa ndani. Miaka imepita, nimezunguka nao, nimesikia habari zao, na moyo wangu umegeuka. Ngoja niwape historia kidogo, maana bila hiyo huwezi kuelewa.

Zamani vilima hivi vyote vilikuwa na nyumba za wakulima waliolima kwa mkataba wa nusu kwa nusu. Mwenye ardhi anatoa shamba na nyumba, familia inatoa nguvu, mavuno mnagawana. Mkataba huo uliitwa mezzadria. Barabara nyeupe ndizo zilizounganisha nyumba hizo na kijiji, kanisa na kinu. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wakaanza kuhamia mijini viwandani, nyumba moja baada ya nyingine ikafungwa, na mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Barabara zikabaki hazina watu, na barabara isiyo na watu hakuna anayeipelekea lami. Zilisalimika kwa sababu zilisahauliwa.

Baadaye pesa ikarudi, na lami nayo ikaanza kutambaa vilimani. Hapo akatokea mtu wa Gaiole in Chianti anayeitwa Giancarlo Brocci. Mwaka 1997 alikusanya wapanda baiskeli 92 wakapita barabara hizo kwa baiskeli za zamani, ili watu waone kinachopotea. Akauita msafara huo L'Eroica. Leo unafanyika kila mwaka mwanzoni mwa Oktoba na watu wanatoka mabara yote. Masharti ni yaleyale: baiskeli iwe ya kabla ya 1987, gia zibadilishwe kwa vijiti vilivyofungwa kwenye fremu, pedeli ziwe na mikanda ya kushika mguu. Njia ndefu ni kilomita 209, fupi ni 46. Vibao vyake vimewekwa vya kudumu, kwa hiyo hata Jumatatu ya kawaida ukiwa peke yako unavifuata tu.

Naendelea jioni, nipike kwanza.

Naweka Kambi

Nimekaa mkao wa kula, mkuu. Usichelewe.

Dada wa Namtumbo

Kaka, nimesoma yote na umeandika vizuri, lakini hilo la kupigania vumbi limenichoma. Dada yangu alijifungulia kwenye gari mwaka wa mvua nyingi kwa sababu daraja lilikuwa limekatika na matope yalikuwa mpaka kwenye magoti. Mtoto yupo, Mungu ni mwema. Ila mtu akiniambia vumbi ni uzuri, namwomba aje alale huku masika moja. Hao Wataliano wanaoishi kwenye barabara hizo wameulizwa?

Mtu wa Vilima

Dada, pole sana, na asante kwa kulisema wazi. Swali lako ndilo nililokuwa nalo mimi, na sitaki kulipita juujuu.

Jibu langu ni hili. Lami ya lazima wao wanayo tayari. Kutoka karibu nyumba yoyote kwenye vilima hivi, ukienda kilomita chache unaikuta barabara ya lami ya mkoa, na gari la wagonjwa linafika. Barabara nyeupe inapitishwa greda, mawe yanaongezwa, inashindiliwa, mifereji ya pembeni inazibuliwa kabla ya mvua za vuli. Ni barabara ya changarawe inayotunzwa, si barabara iliyotelekezwa. Ukimpelekea mtu wa Namtumbo barabara ya namna hiyo, atashukuru kwanza, mambo ya lami atayauliza baadaye.

Na kweli si wote wanaozipenda. Nimekutana na mzee mmoja karibu na Asciano aliyeniambia vumbi la magari ya watalii linaingia mpaka kabatini, na mkewe anaanika nguo ndani Julai nzima. Nilimwelewa. Kwa hiyo sisemi vumbi ni uzuri. Ninachosema ni kwamba wao wanachagua, na uamuzi huo umewapa kitu: zile nyumba zilizofungwa zimefunguliwa tena kwa wageni wanaokuja kwa ajili ya barabara hizi hizi. Sisi hatujafika pa kuchagua bado, na hilo linaniuma kama linavyokuuma wewe.

Dada wa Namtumbo

Hapo sawa. Barabara inayotunzwa ndilo neno. Endelea kaka.

Fundi wa Stendi

Mkuu, mimi nina miaka 20 kwenye baiskeli, natengeneza kila aina. Niambie upepo unajaza kiasi gani. Maana huku mteja akija na tairi laini anagomba mpaka ujaze iwe jiwe.

Mtu wa Vilima

Fundi, swali la maana kuliko yote, na hapa ndipo nilipojifunza upya.

Mimi nilikuja na akili hiyohiyo ya jiwe. Baba alikuwa akibeba gunia la kahawa kwenye keria, na kwa mzigo ule tairi laini ni kosa, rimu inapinda. Siku ya kwanza hapa nikajaza PSI 70 (PSI ndicho kipimo cha upepo) kwenye tairi za milimita 40. Nikapanda vizuri kwenye lami, nikaingia barabara nyeupe, na kwenye mteremko wa kwanza usukani ukaanza kutetemeka mpaka vidole vikafa ganzi. Tairi ngumu haimezi jiwe, inaliruka. Kila ikiruka haigusi chini, na isipogusa chini huna breki wala kona.

Kuna mahali barabara imejikunja kama bati la kuezekea lenye mawimbi. Hutokea zaidi kabla ya kona na kwenye miinuko mikali, pale magurudumu yanaporukaruka juu ya kifusi kilicholegea, kila mruko unachimba kidogo na kurundika kidogo, mpaka mawimbi yanajipanga yenyewe. Kwenye bati hilo PSI 70 ni mateso.

Sasa hivi nina kilo 72, natumia tairi za tyublesi, yaani zisizo na tyubu, zenye dawa ya kuziba matundu ndani, nyuma PSI 33, mbele 30. Ukibonyeza kwa kidole gumba inabonyea kidogo. Tofauti yake ni kama kuvua viatu vya mbao na kuvaa raba. Ukitumia tyubu ongeza kama 5 au 6, la sivyo ukigonga jiwe tyubu inabanwa na rimu, unapata matundu mawili sambamba.

Fundi wa Stendi

Matundu mawili nayajua, nayaziba kila siku. Na hiyo dawa ikishindwa je?

Mtu wa Vilima

Ilishindwa mwaka jana, Mei. Nilikuwa natoka Buonconvento kupanda Montalcino kwa njia ya vumbi inayopita Castiglion del Bosco. Buonconvento iko chini mtoni, Montalcino iko mita 564, kwa hiyo ni kupanda tu. Jiwe lenye ncha likachana tairi ubavuni, mpasuko kama urefu wa ukucha wa kidole gumba. Dawa nyeupe ikaruka, ikanipiga mguuni, vumbi likaigandia hapohapo. Nikazungusha gurudumu mpasuko uwe chini ili dawa ijikusanye, nikasubiri. Ikaziba, nikijaza upepo inafunguka. Mara tatu.

Nikatoa tairi. Kwenye mfuko wa spana natembea siku zote na kipande cha tairi kuukuu, kirefu kama kidole cha kati, kimechongwa kingo kwa kisu ziwe nyembamba. Ni kitu cha baba, yeye hakuwahi kutoka bila hicho. Nikakiweka ndani nyuma ya mpasuko, nikaingiza tyubu, nikajaza taratibu nikiangalia ubavu kama unavimba. Haukuvimba. Nikafika Montalcino, nikarudi Siena, kilomita zaidi ya 50, bila kushuka tena. Kuna Wajerumani wawili walisimama kunisaidia na vifaa vya bei mbaya, wakakipiga picha kile kipande.

Fundi wa Stendi

Baba yako alikuwa fundi. Mwambie namsalimu.

Mtu wa Vilima

Alitangulia mbele ya haki 2019. Salamu nimezipokea mimi, asante sana.

Mpenda Mbio

Mkuu, na mbio zenyewe za Strade Bianche za kwenye televisheni ndizo barabara hizo hizo?

Mtu wa Vilima

Ndizo. Zilizaliwa kutokana na L'Eroica. Mara ya kwanza ilikuwa Oktoba 2007, akashinda Mrusi Alexandr Kolobnev, na kuanzia 2008 zikahamia Machi. Za wanawake zilianza 2015. Zinamalizikia hapa Siena, Piazza del Campo, uwanja uleule wa mbio za farasi.

Kabla ya uwanja kuna kichochoro cha Via Santa Caterina, mwinuko unafika asilimia 16, mawe ya kupangwa, kuta za nyumba pande zote mbili. Machi huwa naomba ruhusa ya saa mbili kazini nikasimame pale. Runinga haikuonyeshi jinsi kunavyokuwa kimya. Watu wanapiga kelele, ndiyo, lakini mpandaji akipita mbele yako unasikia mnyororo na pumzi yake tu, uso umejaa unga mweupe, machozi yamechora mistari miwili.

Mwaka 2024 Tadej Pogačar wa Slovenia aliwaacha wenzake zikiwa zimebaki kilomita 81, akaenda peke yake mpaka mwisho. Mwaka 2025 alianguka, akaingia kichakani, akaamka jezi imechanika na damu begani, akamkamata Mwingereza Tom Pidcock na kushinda. Kumbukeni alianguka kwenye mteremko wa lami, si kwenye changarawe. Kwenye changarawe wote wanajihadhari, lami ndiyo inayomdanganya mtu.

Kipande ninachokiheshimu kuliko vyote ni Monte Sante Marie, kilomita 11.5 za vumbi tupu kwenye vilima vya Asciano. Kimepewa jina la Mswisi Fabian Cancellara kwa sababu alishinda mbio hizi mara 3: 2008, 2012 na 2016. Ukiwa pale katikati huoni mji, huoni nguzo ya umeme, ni vilima vya udongo na anga. Mara ya kwanza nilipofika juu nilikaa chini nikala mkate wangu na sikutaka kuondoka.

Naweka Kambi

Tupe mbinu za kupanda na kushuka. Mimi huku Lushoto kona za vumbi zimeshanimwaga mara mbili.

Mtu wa Vilima

Pole mkuu. Kupanda: usisimame juu ya pedeli kama ulivyozoea kwenye lami. Ukisimama uzito unatoka gurudumu la nyuma, linazunguka bure, unashuka. Kaa kwenye siti, sogea mbele yake kidogo, inamisha kifua, weka gia nyepesi ukanyage kwa mzunguko mmoja laini. Gia yangu ya mbele ina meno 40, kubwa ya nyuma 42, yaani mguu ukizunguka mara moja tairi haimalizi hata mzunguko mmoja. Bila gia ya namna hiyo miinuko ya Colle Pinzuto na Le Tolfe utatembea kwa miguu, Le Tolfe inafika asilimia 18. Rafiki yangu alikodi baiskeli kwenye duka moja, wakampa ya lami yenye gia nzito huku wakimhakikishia inafaa. Alisukuma baiskeli nusu ya siku, magoti yakamuuma wiki nzima. Kabla hujalipa, hesabu meno mwenyewe.

Kushuka: shika chini kwenye pembe, viwiko vilegee, makalio yainuke kidogo juu ya siti ili miguu imeze matuta. Breki fanya kabla ya kona, baiskeli ikiwa imesimama wima. Ukishainama kwenye kona, breki ya mbele iache kabisa. Tafuta mstari ambao tairi za magari zimeshindilia, ule uliolegea katikati na pembeni uuogope. Na macho yaangalie unakotaka kwenda. Ukikodolea shimo, utaingia shimoni.

Mpenda Mbio

Na mvua ikinyesha?

Mtu wa Vilima

Inategemea uko wapi. Upande wa Chianti, kaskazini, chini ni mawe, maji yanapita, unaendelea. Upande wa kusini mashariki, eneo linaloitwa Crete Senesi, ni udongo wa mfinyanzi. Mamilioni ya miaka nyuma pale palikuwa chini ya bahari, na mpaka leo wakulima wakilima huokota makombe. Udongo ule ukikauka ni kijivu, umepasukapasuka. Ukilowa, rudi nyumbani.

Nasema kwa sababu nilibisha Novemba moja. Nilikata kona kwa njia ya shamba. Hatua kumi za kwanza tairi zilinenepa, ishirini zikawa kama mkate, kisha gurudumu la nyuma likakwama kabisa kwenye fremu. Nikashuka, viatu navyo vikanenepa. Udongo ule haukwanguki kwa mkono, unahamia tu kutoka tairini kuja mkononi. Nilikata kijiti cha mzeituni, nikakwangua, nikaenda mita 20, nikakwangua tena. Baiskeli ya kilo 10 nikaibeba begani ikiwa na uzito wa mara mbili. Mita 800 zilinichukua saa nzima. Tangu siku hiyo nikiona wingu upande wa Monte Amiata, ule mlima mkubwa wa kusini wenye mita 1,738, nageukia Chianti.

Msafiri wa Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Mzee, uzi umeiva. Niongeze tu kwamba changarawe sasa ni mchezo wetu pia. Tangu 2021 tuna Migration Gravel Race kule Maasai Mara, siku nne za vumbi na ng'ombe barabarani. Na tusimsahau Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani, timu ya baiskeli ya Afrika Mashariki, aliyetutoka Agosti 2022 akiwa mbioni Vermont, Marekani. Alitaka mpanda baiskeli wa Kenya, Uganda na Rwanda apate nafasi ya kushindana bila kuhama kwao. Kila nikiona mtu mweusi juu ya baiskeli ya changarawe huko Ulaya, namkumbuka yeye.

Mtu wa Vilima

Ndugu yangu, umenigusa. Siku habari ile inafika nilikuwa kazini, nikatoka nje ya jiko nikakaa kwenye ngazi. Jumatatu iliyofuata nilikwenda Brolio. Pale kuna kupanda kwa barabara nyeupe kwenda ngome ya ukoo wa Ricasoli, saipresi pande mbili. Siku ya L'Eroica watu huanza kabla hapajapambazuka, na njia hiyo huwashwa taa ndogo za moto kandokando. Siku hiyo hapakuwa na taa, nilipanda peke yangu taratibu, nikamwombea.

Msafiri wa Eldoret

Asante ndugu.

Mama Wawili

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi niko Ujerumani, naendesha baiskeli kila siku kwenda kazini, na Oktoba nataka kuja huko siku tatu peke yangu. Kaka, mwanamke peke yake kwenye barabara hizo inafaa? Na maji, chakula, mbwa?

Mtu wa Vilima

Marahaba kwa niaba ya wakubwa, dada, na karibu sana. Inafaa. Nakutana na wanawake peke yao kila wiki, wengine wa umri wa mama zetu, wanapanda polepole na wanafika. Mwambie mwenye nyumba ya kulala njia unayopitia, basi.

Maji: vijijini kuna mabomba ya umma. Kibao cha acqua potabile, kunywa. Non potabile, usinywe. Ukiwa porini tafuta makaburi. Karibu kila makaburi ya Italia yana bomba la kumwagilia maua, na kwa kawaida maji yake ni ya kunywa, soma kibao kwanza. Mwanzoni niliona si adabu. Mama mmoja aliyekuwa akibadilisha maua kwa mumewe ndiye aliyenishika mkono akanipeleka bombani, akasema wafu hawakatai maji.

Chakula: maduka ya vijijini hufungwa kama saa saba mchana mpaka saa kumi hivi, na Jumapili mengine hayafunguliwi kabisa. Nunua asubuhi. Mkate wa huku hauna chumvi, usishangae, umepikwa hivyo ili uliwe na jibini la kondoo lenye chumvi. Jibini la Pienza, mkate na nyanya, mafuta ya zeituni juu, hicho ndicho chakula changu cha njiani. Jioni kula pici, tambi nene za kusokota kwa mkono, unga na maji tu. Kilikuwa chakula cha wakulima, na mguu uliochoka unakijua.

Mbwa: hili ulichukulie kwa uzito. Miaka ya hamsini na sitini wachungaji wengi wa Sardinia walihamia vilima hivi na kondoo wao, na kundi huwa na mbwa wakubwa weupe waliolelewa kulinda dhidi ya mbwamwitu. Hawana ubaya, wanafanya kazi. Usikimbie. Shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, ongea kwa sauti ya chini, tembea pole mpaka uache kundi nyuma. Nimefanya hivyo mara nyingi, hajanigusa hata mmoja.

Jambo lingine, kuanzia vuli kuna msako wa nguruwe pori, hasa mwisho wa wiki. Ukiona kibao cha battuta al cinghiale au watu wa vizibao vya rangi ya chungwa na bunduki, geuza, tafuta njia nyingine. Vaa rangi kali.

Siku tatu ningekupangia hivi. Ya kwanza Siena hadi Gaiole, kupitia Brolio, ujizoeze mawe. Ya pili urudi kusini, Castelnuovo Berardenga, Monte Sante Marie, ulale Asciano, na hiyo ndiyo siku ngumu. Ya tatu uende Val d'Orcia, bonde ambalo UNESCO waliliweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2004, upite San Quirico ushuke Bagno Vignoni. Pale katikati ya kijiji, badala ya uwanja kuna bwawa la chemchemi ya moto. Humo hawaruhusu kuoga, lakini maji yanashuka chini kwenye magofu ya vinu, na huko unatia miguu bure. Kaa nusu saa.

Asciano na Buonconvento zote zina stesheni. Ukichoka au ikinyesha, panda treni na baiskeli urudi Siena, hakuna aibu.

Mama Wawili

Ubarikiwe kaka. Tairi zangu ni za 35 na natumia tyubu. Nibadilishe?

Fundi wa Stendi

Dada, kama fremu inapokea 40, badilisha. Angalia nafasi kati ya tairi na foku, kidole kidogo kipite pande zote, na mleta uzi akikuambia udongo unanenepesha tairi umsikilize. Tyubu bakia nazo, unazijua. Beba mbili za akiba, viraka, na kipande cha tairi kuukuu kama cha mzee wake.

Mtu wa Vilima

Fundi amemaliza. Dada, ukiweza kufika iwe Jumapili usiku. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nitakuwa Porta Romana, lango la kusini la mji, nakusindikiza mpaka mwisho wa kipande cha kwanza cha vumbi. Njoo na pampu yenye saa ya kupimia. Upepo tutapunguza pale pale langoni.